Huruma Inayolemaza

Ndugu zangu wa Kampene, nanyi mlioko Kindu na katika vijiji vyote vya Pangi, leo nasema juu ya huruma inayolemaza.

Mzee akianguka kwa kiharusi, mkono na mguu wa upande mmoja vikalegea, sisi jamaa hufanyaje? Humlaza, tukamlisha kwa kijiko, tukamkataza hata kugeuka. "Mwacheni apumzike!" Miezi ikipita, kiwiko kimekunjika, vidole havifunguki, matakoni pana vidonda. Hapo twalaumu maradhi, kumbe mengine tumeyatenda wenyewe.

Ugonjwa huu makao yake ni kichwani. Mshipa wa damu huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo inayoamuru upande wa pili wa mwili hufa. Lakini sehemu zilizosalia hufundishika, na fundisho lake ni kurudia tendo lile lile kila siku. Katika miezi mitatu ya kwanza ndipo hupokea zaidi. Udongo uwahi ungali maji.

Kuwahi si kukurupuka. Kwanza hospitali, presha ishughulikiwe. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa wagonjwa 2,104: walioinuliwa mapema mno, tena kwa mazoezi mengi, hawakupona vizuri kama wenzao. Basi subirini muuguzi aseme hali imetulia, kisha mazoezi yawe mafupi, mara nyingi kwa siku.

Ageuzwe kila baada ya saa mbili. Aketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zikigusa chini. Ajifunze kuinuka kwenye kiti, mtu akisimama upande uliolegea. Kisha ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, ukuta ukiwa karibu. Mkono uliolegea usivutwe kamwe, bega litaumia. Upewe kazi: kuchambua mchele, kumenya karanga. Wala asipewe maji wala uji kabla ya kupimwa kama anameza salama.

Kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hayuko kila kijiji. Ukimpata hospitalini, usitoke na dawa peke yake. Mwombe amfundishe mke wa mgonjwa na wanawe.

Na wale wasemao mzee amelogwa, leo sibishani nao. Nauliza tu: siku zote hizo mnazozunguka kumtafuta mchawi, mkono wa mzee unanyoshwa na nani?