JAJI APIMWE MBELE YA WATU



Hapana mtu mwenye akili anayeridhia kuhukumiwa na mwamuzi aliyechaguliwa na mdai wake peke yake. Hata katika ugomvi wa mpaka wa shamba, msuluhishi hutakiwa aridhiwe na pande zote mbili. Vipi basi jambo tulilolishika mashambani tumelisahau mahkamani?

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imempa Rais kazi ya kuteua majaji wa Mahkama Kuu, kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahkama. Lakini Mwenyekiti wa Tume hiyo ni Jaji Mkuu, na Mwanasheria Mkuu ni mjumbe wake. Wote wawili ni wateule wa Rais. Baraza la Wawakilishi, linaloketi Chukwani kwa jina letu, haliombwi idhini. Mwananchi husikia khabari jambo limekwisha kupita.

Si jambo dogo hili. Wanachama 18 wa CUF walishitakiwa kwa uhaini, na wengi wao wakakaa rumande zaidi ya miaka 2, hata walipofunguliwa Novemba 2000. Mwezi huo huo Mahkama ya Rufaa ya Tanzania ikatamka kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar. Serikali inapokuwa mshitaki, raia hana ngao ila jaji.

Tuwatazame jirani zetu. Mwaka 2011 Rais Kibaki wa Kenya alitaja jina la Jaji Mkuu kwa shauri lake. Mahkama ikasema Katiba imevunjwa, na jina likaondolewa. Ndipo Tume ikawasaili waombaji hadharani, Bunge likamthibitisha Willy Mutunga. David Maraga alipita njia hiyo hiyo mwaka 2016. Na tarehe 1 Septemba 2017 mahkama aliyoiongoza ikabatilisha ushindi wa Rais aliyemteua. Uganda nayo, kwa Katiba ya 1995, majaji hawateuliwi pasina kibali cha Bunge. Na huko Marekani, katika jimbo la New Jersey, Gavana hutaja jina, na Seneti ya jimbo hulikubali au hulikataa.

Watasema kwamba siasa itaingia mahkamani. Siasa inayoogopewa ni ile ifanywayo gizani. Ya hadharani hujibiwa. Hata hivyo, kura ya Baraza lililojaa chama kimoja ni muhuri tu. Kwa hivyo hatudai kura tupu. Twadai majina yatangazwe mapema, wateule wasailiwe mbele ya watu, raia aruhusiwe kupinga kwa hoja, na sababu za uamuzi ziandikwe. Kisha Wawakilishi wapige kura, kila mmoja kwa jina lake.

Yazungumzeni haya matawini na barazani. Na kila ajaye kukuombeni kura, mwulizeni kwanza: jaji wetu atapimwa na nani?