Gesi na Ufuta Havilipi Sawa
Kilwa ni wilaya moja, lakini mshahara wako unategemea umeajiriwa upande gani. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2013 ilimpa mfanyakazi wa shamba, awe wa ufuta au wa korosho, shilingi 100,000 kwa mwezi; mwenzake wa kampuni ya kimataifa ya nishati akapewa 400,000. Amri ya 2022 ikawapandisha hadi 140,000 na 592,000. Wote wameongezewa, na pengo nalo limeongezeka. Hapo tunazungumzia ngazi ya chini tu! Kisiwa chetu cha Songo Songo kinapeleka gesi Dar es Salaam tangu 2004, na kisiwani humo humo, maji yakitoka, kina mama wanashuka mwambani na vijiti vya chuma kuchokoa pweza, na kina mama hao hawana amri yoyote inayowalindia bei. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba mkuu wa shirika la umma asilipwe zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwezi. Niliunga mkono, na bado naunga mkono, ila hatua ile iligusa kilele peke yake, tena cha mashirika ya umma. Kwetu Kilwa, mkoani Lindi, jambo zito liko katikati ya ngazi. Haifai mlinzi na mfagizi watoke hapa, halafu mhasibu, mhandisi na meneja watoke mbali. Kampuni za gesi ziwasomeshe vijana wa Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na Songo Songo mpaka wafike umeneja, kwa mkataba wa maandishi, na nakala ibaki halmashauri.