Kadi Haijachoka, Imezidiwa na Joto la Mtwara

Wanaopima kompyuta mpakato za gemu kwa ajili ya magazeti ya Ulaya na Marekani huzipima kwenye vyumba vya nyuzi joto 20 na ushei. Chumba cha bati cha Chikongola au Rahaleo, saa nane mchana wa Desemba, hupita nyuzi 32 bila shida. Feni haitengenezi ubaridi, inasukuma tu hewa iliyomo chumbani, kwa hiyo nyuzi 10 za ziada huishia karibu zote kwenye chipu. Kadi ya grafiki iliyotulia kwenye nyuzi 77 kule ughaibuni inagota 87 hapa Mtwara, na kwa kompyuta nyingi zenye kadi za Nvidia huo ndio mpaka. Kadi inajipunguzia kasi, fremu zinashuka, mchezaji wa eFootball anaganda mbele ya goli, na mwenye mashine anatangaza kwamba kadi imechoka.

Mara nyingi kadi ni nzima, inajilinda tu. Balaa huanza pale rafiki anapomshauri mwenye mashine apakue programu ya MSI Afterburner na kuisukuma kadi kupita kasi ya kiwandani ili gemu iwe nyepesi. Kwa pwani hii, tangu Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, ushauri huo unaharibu zaidi ya unavyosaidia.

Kila chipu hutoka kiwandani ikiwa na akiba kidogo ya uwezo, na akiba hiyo yaweza kutumiwa kwa namna mbili: kuongeza kasi kwenye volti ileile, au kubaki na kasi ileile kwa volti ndogo. Umeme unaoliwa na chipu hukua sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volti hukua kwa mraba. Volti ikishushwa kwa asilimia 10, umeme unaogeuka joto kwa ajili ya kazi hiyohiyo unapungua kwa asilimia 19 hivi. Kwa mtu wa Mtwara hiyo ndiyo faida ya kweli, na Afterburner hiyohiyo ina mchoro wa volti na kasi wa kuifanyia kazi hiyo, ingawa baadhi ya kompyuta mpakato hufungwa na kiwanda zisiuguse.

Namna zote mbili zinataka majaribio, na hapa ndipo vijana wengi wanapojidanganya. Wanabadilisha mpangilio saa sita usiku, upepo wa bahari ukiwa umeshapoza chumba, wanacheza dakika kumi, kisha wanasema mashine iko imara. Jaribio lenye maana ni la saa nane mchana, nusu saa au zaidi, kwenye gemu nzito anayoicheza mtu kila siku. Nukta za rangi na pembetatu zinazomulika kwenye kioo ni dalili kwamba memori au chipu imezidishiwa. Kioo kikizima na kuwaka tena, huenda Windows imeisubiri kadi kwa sekunde mbili bila jibu, ikaamua kuianzisha upya. Memori za aina ya GDDR6 zina ulaghai wao: zikikosea katika kusafirisha data hugundua kosa na kuituma tena, kwa hiyo ukizisukuma sana gemu haizimi, inakuwa nzito. Mtu anaona namba kubwa kwenye programu, kumbe fremu zimepungua.

Hata kabla ya kugusa volti, ifunguliwe mashine. Shangani na mitaa mingine iliyo karibu na maji ina hewa ya chumvi na unyevu, na vumbi lililolowa hung'ang'ania mapezi ya kipozeo hadi hewa isipite. Fundi asafishe huku ameshikilia feni isizungushwe na blowa, abadilishe pesti ya kupitishia joto iliyokauka, kisha joto lisomwe upya.

Umeme nao husingiziwa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na kwa miaka mingi Mtwara na Lindi ziliwashwa na gridi yao ndogo ya mitambo ya gesi hiyo ya megawati 18, kwa hiyo injini ikiharibika mikoa miwili ilionja giza. Ni haki watu kuushuku. Lakini chaja halali ya kompyuta hupokea volti 100 hadi 240. Stebilaiza itasaidia kuikinga, haitaongeza fremu hata moja. Kinachopunguza fremu ni chaja ya mtaani ya wati 120 kwenye mashine iliyokuja na ya wati 230.

Joto lina historia mbaya katika biashara hii. Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa, kwa sababu malighafi za viungio vyake hazikuhimili kupashwa na kupoa kila siku. Chipu ya namna hiyo ikichomwa na fundi kwa hewa ya moto hufufuka kwa muda, kisha hufa tena, na mteja wa mtumba ndiye anayepata hasara.

Ndiyo maana lawama nyingine iende madukani, ya hapa Mtwara na ya Kariakoo. Kadi ya RTX 4060 ya kompyuta mpakato yaweza kuwekewa wati 35 au 115, na jina kwenye kibandiko ni lilelile. Mwaka 2021, baada ya malalamiko ya wanunuzi, Nvidia iliwataka watengenezaji wazionyeshe wati hizo kwenye kurasa za bidhaa zao. Muuzaji aziandike pia kwenye bei anayobandika, na mnunuzi adai kuziona kwenye paneli ya Nvidia, gemu ikiwa imewashwa nusu saa hapohapo dukani na joto likisomwa, kabla hajatoa hela.