MALI BILA DAFTARI

Ndugu wanaushirika,

Msimu uliopita alikuja ofisini bibi mmoja, mjane, na karatasi aliyoifunga kwenye pindo la kitenge. Ilikuwa stakabadhi ya hisa za marehemu mumewe. Tukatafuta kitabu cha hisa ghalani, tukapekua mpaka nyuma ya mizani. Hakuna. Baada ya siku chache mwenzetu wa darasa la kisomo cha watu wazima akanunua karanga gulioni. Karatasi iliyofungia karanga ina mistari na majina. Akasoma pole pole, kama tulivyofundishwa. Lahaula! Ni jina la jirani yetu na kilo zake za pamba.

Tusitafute mchawi. Mwaka 1976 Serikali ilipovunja vyama vya ushirika, kazi zake zikaenda kwa vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikaurudisha ushirika. Lakini hapa kwetu vitabu vya zamani havikupata mwenyewe, mchwa wakala, na watu wakachana. Sisi tulikuwa tunaona tu.

Sasa tazameni jirani zetu wa Butiama. Pale Mwitongo ipo makumbusho ya Mwalimu Nyerere, iliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki. Mna picha, zawadi alizopewa na vitu alivyotumia mwenyewe. Mtoto akiuliza habari za Mwalimu, haambiwi tu, anaonyeshwa. Kazi hiyo inaangaliwa na Makumbusho ya Taifa, na ni haki. Lakini Taifa haliwezi kuja Bunda kuokota stakabadhi ya kila mkulima. Hiyo ni kazi yetu, na kujitegemea ndiko huko.

Wapo watakaosema, makumbusho ni mambo ya watalii, sisi tunataka dawa ya pamba. Dawa tunaitaka wote. Lakini hivi, yule bibi ni mtalii? Na kesho ukibishana juu ya kilo zako, utaonyesha nini?

Kwa hiyo sisi tunashauri hivi. Chumba kile kidogo cha mwisho cha ghala kisafishwe, kiwekwe rafu na kufuli. Kila nyumba ilete ilichonacho: kadi za ushirika, picha, jembe la zamani, ngoma iliyopasuka. Mizani mbovu isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kila kitu kiandikwe kimetoka kwa nani, na kitabaki mali yake. Stakabadhi tutainakili, yako urudi nayo nyumbani. Wanakisomo tutaandika maelezo kwa mkono wetu, na watoto wa shule waje wasome. Funguo ziwe mbili, moja ikae kwa mama atakayechaguliwa na mkutano. Chumba cha watu wote kisiwe mfukoni mwa katibu peke yake, hata kama katibu huyo ni sisi.

Tukishamaliza, twende Butiama kwa pamoja, tukajifunze wanavyotunza.

Haki ya yule bibi bado haijapatikana. Stakabadhi yake ndiyo ya kwanza tuliyoinakili. Anayemkumbuka mumewe akinunua hisa aje mkutanoni aseme mbele za watu, tuandike.

Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya wanakisomo