Kisa cha Rwanda kiliandikwa Boston

Mwaka 2006 Michael Porter, profesa wa Harvard Business School ambaye nadharia zake za ushindani hazikosekani katika darasa la biashara popote duniani, alichapisha pamoja na mwenzake kisa cha kufundishia kuhusu uchumi wa Rwanda. Kwa asiyeijua mbinu hii, kisa ni habari ya kweli ya kampuni au nchi iliyofika njia panda. Mwanafunzi anakisoma usiku, na asubuhi mwalimu anamkazia macho: ungekuwa wewe, ungeamuaje? Shule hiyo ilishika mtindo huu miaka ya 1920, na tangu hapo shule za biashara kutoka Barcelona hadi Nairobi zimeufuata.

Basi Rwanda ikawa swali la darasani Boston. Nchi isiyo na bahari, iliyotoka katika mauaji ya kimbari miaka 12 tu nyuma, tegemeo lake kahawa na chai, ifanye nini? Sina ugomvi na Porter, ambaye pia alikuwa miongoni mwa washauri wa Rais Paul Kagame. Alifanya kazi yake. Kinachonikera ni kwamba Kigali ya leo ina shule za biashara na uongozi karibu kila kilima, na bado naamini mwanafunzi wake anaijua historia ya Starbucks kuliko ile ya ushirika wa kahawa wa Maraba.

Na Maraba ina mambo. Mwaka 1999 wakulima wa huko, katika wilaya ya Huye ya sasa, wengi wao wakiwa wamepoteza wenza na wazazi, walianzisha ushirika wa Abahuzamugambi. Wakati huo kahawa ya Rwanda ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya kutupa, imemenywa nyumbani na kuanikwa ovyo ovyo. Mradi wa PEARL, uliowakutanisha wasomi wa chuo kikuu cha Butare na wenzao wa Michigan State na Texas A&M, ukawasaidia kujenga kituo cha kuoshea kahawa. Mwaka 2003 kahawa ya Maraba ikawa kwenye rafu za maduka ya Sainsbury's nchini Uingereza. Mwaka 2008 Rwanda ikaandaa shindano la Cup of Excellence, nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Miaka tisa tu, na ndani yake mna mkopo, ubora, bei, mnunuzi wa ng'ambo anayetaka mzigo kwa tarehe fulani, na mkulima anayetaka fedha yake leo. Mwalimu wa menejimenti anatafuta nini zaidi?

Watu huzungumza kana kwamba utandawazi uliingia Kigali pamoja na majengo ya vioo. Uliingia kitambo. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa Butare mwaka 1963, mkuu wake wa kwanza alikuwa padri Mdominiko kutoka Quebec, Georges-Henri Lévesque. Benki ya Kigali ilipoanzishwa mwaka 1966, nusu ilikuwa ya serikali na nusu ya Belgolaise, benki ya Ubelgiji. Kisha, baada ya 1994, wakimbizi wa miaka mingi walirudi, kila mmoja na shule yake kichwani. Waliotoka Kampala walikuja na Kiingereza, wa Bujumbura na Kinshasa na Kifaransa, wa Tanzania na Kiswahili. Donald Kaberuka, aliyekuwa waziri wa fedha kuanzia 1997 hadi 2005 kabla ya kuiongoza Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa miaka kumi, alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kumalizia Glasgow. Fikiria ofisi moja ya serikali wakati ule: huyu anataka kikao na muhtasari, yule anataka barua yenye muhuri, na wa tatu anataka mkae chini mzungumze kwanza. Hiyo ilikuwa shule ya menejimenti ya kimataifa, tena bila ada.

Mwaka 2008 baraza la mawaziri likaamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Rwanda ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka mmoja kabla, na mwaka 2009 ikaingia Jumuiya ya Madola. Kwa soko, uamuzi ulieleweka. Kwa mhadhiri wa uhasibu aliyefundisha kwa Kifaransa miaka 15, ulikuwa kama kuambiwa ageuze gari katikati ya daraja.

Shule zikafuata. Carnegie Mellon ya Pittsburgh ilitia saini na serikali mwaka 2011, na mwaka uliofuata ikaanza kufundisha Kigali. Mwaka 2013 kilikuja chuo cha Kepler, ambacho wanafunzi wake walipata shahada za chuo kimoja cha New Hampshire bila kupanda ndege. Mwaka huohuo vyuo saba vya umma vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, chenye ndaki ya biashara na uchumi pale Gikondo. Mwaka 2016 African Leadership University ikaanzisha MBA yake mjini humu. Mwanzilishi wake, Mghana Fred Swaniker, mhitimu wa Stanford, alitangaza lengo la kuandaa viongozi milioni 3 wa Afrika ifikapo 2035. Milioni tatu! Mtu anajiuliza nani atabaki wa kuongozwa. Kelele hizi zote zikivuma, ULK, chuo binafsi cha Gisozi kilichoanzishwa mwaka 1996, kimeendelea na madarasa yake ya jioni kwa makarani na walimu wanaotoka kazini wamechoka.

Shule hizi zina faida, tena kubwa, na anayezibeza hajawahi kupanga foleni katika benki za zamani. Tangu 2008 mabenki ya Kenya, KCB na baadaye Equity, yamekuja Kigali na kuwalazimisha wenyeji wachangamke. KCB iliichukua Banque Populaire mwaka 2021, Equity ikainunua Cogebanque mwaka 2023. Benki ya Kigali ilipotafuta kiongozi mwaka 2016, ilimpa usukani Diane Karusisi, Mnyarwanda mwenye uzamivu wa uchumi kutoka Fribourg na aliyewahi kufanya kazi Credit Suisse, Zurich. Miaka miwili baadaye hisa za benki hiyo zikaanza kuuzwa Nairobi pia. Na ukienda katika maduka ya jumla ya Quartier Matheus, utawakuta wafanyabiashara wanaoagiza kontena kutoka Guangzhou, wanaongea na wakala wa Dar es Salaam kwa simu, huku mizigo yao ikisubiriwa mpakani Rusumo. Hao wanahitaji benki yenye watu wanaoijua dunia. Elimu ya kwao tu isingetosha.

Lakini toka mjini kidogo. Kuanzia mwaka 2008 serikali ilipanga kila umurenge, ngazi iliyo chini ya wilaya, uwe na SACCO yake, yaani ushirika wa akiba na mikopo. Imirenge ni 416, na SACCO zikawa 416. Ni sehemu ya sababu utafiti wa FinScope wa 2020 ulikuta asilimia 93 ya watu wazima nchini wanatumia huduma fulani ya fedha, ya rasmi au isiyo rasmi. Anayeiendesha SACCO hiyo huitwa kwa Kinyarwanda umucungamutungo. Umutungo ni mali, na kwa hilo jingine Mswahili hahitaji kamusi: sikia kuchunga ndani yake. Mchunga mali. Jina hili lina somo ambalo sijaliona likielezwa vizuri hivyo katika kitabu chochote cha menejimenti: mifugo si yako, ina wenyewe, na jioni itahesabiwa.

Kazi yake si ile ya kwenye slaidi. Wanachama wake wanalima maharage na ndizi, wanaendesha pikipiki, wanauza nyanya sokoni. Mkutano mkuu unafanyika kwa Kinyarwanda. Mwenyekiti wa bodi huenda ni mzee anayeheshimiwa na kijiji kizima lakini mizania haisomi. Kwa miaka mingi hesabu za SACCO hizi ziliandikwa kwenye madaftari, na habari za ubadhirifu hazikukauka. Mkopaji asiyelipa ni jirani yako, au ni shemeji. Shahada ya biashara ilimfundisha mchunga mali huyu, kwa Kiingereza, jinsi hisa zinavyopangiwa bei New York. Ilimfundisha nini kuhusu shemeji?

Kuna mfano jirani wa kufikiria. Mzumbe, Tanzania, ilianza mwaka 1953 kama shule ya kuwafundisha machifu na makarani wa serikali za mitaa. Ilikuwa ni kazi ya mkoloni, kwa faida ya mkoloni, na simsifu. Ila shule ilianzia barazani, mahali ambapo mtawala na mtawaliwa wanatazamana usoni, ndipo baadaye ikapanda hadi kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo na sasa chuo kikuu. Shule nyingi mpya za Kigali zimeanzia juu, na sijaona ngazi ya kushukia.

Najua jibu nitakalopewa: Rwanda tayari ina somo lake la uongozi, nalo ni imihigo. Zamani mtu alisimama hadharani akajiapiza atatenda jambo gani, na akishindwa fedheha ilikuwa yake. Mwaka 2006 desturi hiyo ilifufuliwa, na mameya wa wilaya wakaanza kutia saini ahadi za mwaka mbele ya Rais. Tangu 2004 kulikuwa pia na umwiherero, viongozi wa nchi kujifungia siku kadhaa na kuulizana maswali magumu. Wageni kutoka nchi nyingine huja kujifunza.

Nakubali nusu. Kenya ilikuwa imeanza mikataba ya utendaji kazi serikalini mwaka 2004, na mizizi ya mikataba hiyo iko katika mageuzi ya miaka ya 1980 New Zealand na Uingereza. Imihigo ya leo ina jina la kale na injini ya kisasa, kama kanga iliyochapwa Uholanzi au Japani ikavaliwa Unguja hadi hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Hakuna aibu hapo. Aibu iko katika kuisifia bila kuichambua. Kwa sababu malengo yakishaandikwa, na kazi ya mtu ikining'inia juu yake, namba huanza kupikwa. Wanyarwanda wamelipa jambo hilo jina, gutekinika: kuipamba ripoti ili lengo lionekane limetimia wakati shambani hakuna kitu. Viongozi wa juu wamelikemea hadharani, na neno bado linaishi.

Sasa angalia Marekani. Mwaka 2016 Wells Fargo, benki yenye makao San Francisco, ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kugundulika kwamba wafanyakazi wake walifungua hadi akaunti milioni 2 ambazo wateja hawakuziomba. Sababu? Malengo ya mauzo yasiyofikika na mabosi wasiotaka kusikia kisingizio. Kwa Kinyarwanda ungesema walitekinika, ukamaliza. Shule za biashara zimeandika kurasa juu ya kurasa kuhusu mkasa ule. Kigali ina neno moja, na uzoefu wa miaka 20 wa kupambana na ugonjwa wenyewe serikalini. Mhadhiri wa Gikondo akiuandika uzoefu huo vizuri, bila kumwonea mtu haya na bila kumpaka mtu matope, ndio utakaosomwa Boston. Utandawazi wa elimu wenye maana ungekuwa huo, bidhaa kwenda pande zote mbili.

Kinachozuia ni nini? Kwa maoni yangu ni mambo mawili. La kwanza ni woga. Kisa kizuri kinahitaji kushindwa kwa mtu, na katika mji mdogo ambapo kila mwenye kampuni anamjua waziri, mwandishi wa kisa hupendelea kuandika ushindi. Kisa cha ushindi mtupu ni tangazo la biashara. La pili ni lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini kazi yake bado iko katika mtaa wa Biryogo, sokoni na kwenye malori. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mfanyabiashara wa Goma au Bukavu hataandika barua pepe ya Kiingereza ili akuuzie mbao. Meneja wa Kigali asiyeweza kupatana bei kwa Kiswahili amejifungia soko kwa hiari yake. Na anayejua kuijadili riba kwa Kiingereza tu, mbele ya wakulima wake, ni mgeni mwenye kitambulisho cha taifa.

Sipendekezi Harvard ifukuzwe. Wasomwe Porter na wenzake, kwa Kiingereza chao. Lakini mtihani wa mwisho utungwe hapa. Kila anayetaka shahada ya biashara ya Kigali apewe SACCO moja, aende akae nayo muhula mzima, asome madaftari, ahudhurie mkutano mkuu, amuulize mchunga mali usiku gani alikosa usingizi na kwa nini, kisha aandike kisa kimoja. Akitetee kwa Kinyarwanda mbele ya wanachama na kwa Kiingereza mbele ya maprofesa. Wanachama wawe na alama zao.

Kuna sababu ya kuharakisha. Serikali ina mpango wa kuziunganisha SACCO za imirenge hadi ngazi ya wilaya, na hesabu zimekuwa zikihamia kwenye kompyuta. Ni maendeleo. Lakini madaftari yatatupwa stoo, na wachunga mali wa kwanza wanaanza kustaafu. Wakuu wa vitivo vya biashara wa Kigali, SACCO ziko 416. Gawaneni.