Kerezo la Spindeli Sita: Tuhesabu Kwanza

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Mama anayefungua mtungi wa gesi jikoni hushika valvu ya shaba nyeupe ambayo sehemu zake zilikerezwa kwenye mashine. Kadhalika kiungio cha bomba la maji kijijini na pete ya beringi katika gurudumu la lori. Aghalabu vitu hivyo hutufikia vikiwa tayari, nasi hulipa fedha za kigeni kwa kazi ya mikono ya wengine.

Katika mjadala wa viwanda husikika rai kwamba dawa ni kununua makerezo makubwa yenye spindeli nyingi, kama yale ya viwanda vya Ujerumani, ili tuwafikie wenzetu kwa mruko mmoja. Rai hiyo ina nia njema. Hata hivyo, yafaa tuipime kwa mizani ya hesabu.

Kukereza si jambo geni kwetu. Mafundi wa Unguja na Lamu walikereza miguu ya vitanda tangu enzi za mababu. Kerezo la kawaida la chuma hufuata kanuni ile ile: spindeli moja hushika ufito na kuuzungusha, na visu huja kimoja baada ya kingine. Kifaa kikihitaji hatua sita za sekunde 5 kila moja, hukamilika kwa sekunde 30. Kerezo la spindeli sita, aina iliyozaliwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, hushika fito sita katika ngoma moja. Wakati mmoja unatobolewa kwa keekee, mwingine unakatwa hesi, mwingine unapunguzwa unene. Kisha ngoma hugeuka sehemu moja ya sita, na kila igeukapo kifaa kimoja hudondoka kimekamilika. Ukiacha muda wa kugeuka, hivyo ni vifaa 12 kwa dakika badala ya 2.

Lakini ngoma haiwezi kugeuka mpaka hatua ndefu kuliko zote iishe. Hatua moja ikichukua sekunde 10, zile tano nyingine husubiri, kama msafara unaokwenda kwa mwendo wa mgonjwa wake. Fauka ya hayo, katika mashine za zamani zinazoendeshwa kwa kamu, kubadili kutoka kifaa cha aina moja hadi nyingine huweza kumaliza siku nzima ya fundi stadi. Mashine zinazoongozwa na kompyuta zimepunguza muda huo, lakini hazikupunguza bei.

Basi tuhesabu. Vifaa 12 kwa dakika ni 5,760 kwa zamu ya saa nane. Nani atavinunua, kesho na keshokutwa, vyote vikiwa vya kipimo kimoja? Mashine hii ni mtumishi wa wingi. Isipopewa wingi, inageuka mzigo.

Historia yetu yenyewe ni mwalimu. Mkakati wa Viwanda vya Msingi wa mwaka 1975 ulitambua kwamba taifa lisilotengeneza mashine zake halijajitegemea. Mang'ula, mkoani Morogoro, tulirithi karakana iliyotumikia ujenzi wa reli ya TAZARA. Moshi tulijengewa kiwanda cha zana za mashine kwa msaada wa Bulgaria. Fikra ilikuwa sahihi. Hata hivyo, viwanda vyote viwili vilikuja kupitia miaka mirefu ya ukimya. Ni kosa kuwatupia wafanyakazi lawama yote. Mashine bila oda, bila chuma, bila vipuri na bila fundi wa kuipanga ni pambo tu.

Leo oda zinaweza kupatikana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Hapo pana mitungi mingi, na kila mtungi una valvu yake. Mamlaka za maji nazo hununua viungio kila mwaka. Kila mnunuzi akiagiza peke yake na kwa kipimo chake, wingi huo hutawanyika kama mchanga. Wakikubaliana vipimo vichache na kuagiza pamoja kwa miaka kadhaa, kerezo la spindeli sita litakuwa na kazi.

Kwa hiyo tunashauri utaratibu huu. Kwanza, wanunuzi wa umma watangaze mahitaji yao ya mwaka kwa idadi na vipimo. Pili, VETA na SIDO ziandae mafundi wa kupanga mashine na kunoa visu, kwani mkereza wa leo asipofundishwa atasukumwa nje na mashine iliyoletwa kwa jina lake. Tatu, tuchague kifaa kinachostahili: bolti za kawaida hufinyangwa kwa kupondwa, na kuzikereza ni kupoteza chuma. Mwisho ndipo tununue mashine, tena tusihadaike na kuukuu za bei nafuu ambazo vipuri vyake havitengenezwi tena.

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Lakini nyenzo nazo hazina faida kwa nahodha asiyejua bandari aiendeayo.