Nauli ya mkaguzi analipa nani?

Katika sakata la KUSCCO kuna jambo moja ambalo Wakenya tulilicheka siku mbili halafu tukalisahau. Si zile shilingi bilioni 13.3 zilizoyeyuka. Ni ule uchunguzi wa PwC, uliotoka mapema 2025, kusema kwamba vitabu vya muungano huo wa sacco vilikuwa na sahihi ya mkaguzi ambaye tayari alikuwa ameaga dunia. Mtandaoni tukapiga vichekesho: eti marehemu bado yuko kazini na wewe uko hai huna kazi. Ilichekesha, ni kweli. Lakini pesa zilizokuwa pale ni akiba za walimu, polisi, manesi, watu waliokatwa mshahara kila mwezi wakijua kuna mtu anaangalia hesabu.

Sasa huyo "mtu anayeangalia" ni nani hasa? Sisi tukisikia ukaguzi tunamwona Nancy Gathungu na ripoti zake nzito. Na kusema kweli tangu Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana tulianza kuzisoma hizo ripoti kuliko wabunge wenyewe. Mfumo wa SHA wa bilioni 104.8 ambao serikali inaulipia bila kuumiliki, tuliujua kupitia kwa ofisi yake. Katiba inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa, yaani hadi mwisho wa Desemba, kutoa ripoti, na anatoa.

Ila kule chini, kwenye ushirika wa maziwa, sacco ya mtaa na shule ya kibinafsi, Gathungu hafiki. Huko anaenda mkaguzi wa kampuni ndogo ya mjini, na mara nyingi anayefungua mafaili moja moja ni mwanafunzi aliye kwenye atachimenti. Wiki kumi na mbili, logbuku mkononi, mshahara sifuri.

Namfahamu mmoja. Anatoka Keringet, kule Kuresoi Kusini. (Wengi wetu tukisikia Keringet tunawaza maji ya chupa, ama Faith Kipyegon aliyesoma Winners Girls. Pia kuna baridi ya kukata masikio na viazi vya kujaza lori.) Anasomea biashara chuo kikuu, na mwaka wa tatu alipata nafasi kwenye kampuni ya ukaguzi Nakuru mjini. Kampuni siitaji, na ushirika waliotumwa kukagua siutaji pia, kwa sababu yeye bado anatafuta kazi na Nakuru, hata kama ni jiji tangu 2021, ni ndogo kuliko unavyofikiria.

Kwanza hesabu yake mwenyewe. Chumba Kaptembwo, chakula, matatu ya kwenda na kurudi. Kabla ya kuanza, chuo kilitaka bima ya ajali. Kampuni haikumlipa chochote, na haikuvunja sheria yoyote kwa hilo. Aliyehitimu akiingia kwenye mpango wa mafunzo wa Tume ya Utumishi wa Umma anapata 25,000 kwa mwezi. Mwanafunzi ambaye hajamaliza anapata "uzoefu". Waajiri wanatozwa bob 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, zinaenda NITA kwa ajili ya mafunzo ya kazini, lakini yeye hakuona hata kumi ya hizo. Kogo wake, bibi yake yaani, ndiye alikuwa akimtumia pesa. Za maziwa.

Kazi aliyopewa ilikuwa kulinganisha. Mkulima ana kijitabu chake, karani anamwandikia kilo asubuhi akipima. Ushirika una leja. Chukua vijitabu arobaini, angalia kama vinaoana na leja. Vilioana vyote, safi kabisa. Mkaguzi wa kawaida anaweka tiki anaendelea.

Huyu msichana amekua akibeba mtungi wa maziwa kabla ya shule. Akagundua kitu ambacho hakiko kwenye leja kwa sababu kilishapotea kabla ya kuandikwa: kilo zote zinaishia kwa sifuri au nusu. Sita na nusu. Nne kamili. Tatu na nusu. Hakuna 6.7, hakuna 4.3, miezi miwili mizima. Ng'ombe wa wapi huyo anayetoa maziwa kwa kipimo cha nusu nusu? Nyumbani wanajua: ukipima 6.7, karani anaandika 6.5. Kila mtu anajua na hakuna anayelalamika, kwa sababu ni shilingi tisa tu.

Hebu tupige hesabu, kwa mfano tu. Tuseme kila mkulima anakatwa robo hivi, iwe gramu 200, na wakulima ni 500. Hiyo ni kilo 100 kwa siku. Kwa bob 45 kilo, ni 4,500. Mwezi ni 135,000. Mwaka, milioni moja na laki sita na ushee. Na tangi likipimwa jioni lazima liwe na maziwa zaidi ya yaliyoandikwa. Hiyo ziada inaenda wapi? Inaweza kuwa inafidia yanayomwagika na yanayochacha, na hilo ndilo jibu alilopewa. Inaweza pia kuwa inaandikwa kwa namba ya mwanachama asiye na ng'ombe hata mmoja. Kujua ni ipi unahitaji vitu viwili: rekodi za uzito wa tangi, na orodha ya wanachama wanaoleta maziwa uende uwaone. Aliomba vyote viwili.

Hapa ndipo mimi nilijifunza kitu, na chuo niliachia mwaka wa pili kwa hivyo usinitarajie nikupe lekcha. Ukaguzi haukagui kila kitu. Wanachagua sampuli, halafu wanaweka kiwango: kosa lililo chini ya kiasi fulani halibadilishi picha nzima, wanaliacha. Hiyo ni sawa, bila hivyo hakuna ukaguzi ungeisha. Shida ni kwamba kiwango hicho kinapimwa kwa ukubwa wa ushirika, si kwa mfuko wa mkulima. Bosi wake alimwambia hiyo milioni na kitu haifiki kiwango, na mkutano mkuu wa wanachama uko karibu, vitabu vinangojewa. "Andika kwenye barua ya wasimamizi," akamwambia. Hiyo ni barua inayoenda kwa meneja na kamati baada ya ukaguzi, ya kueleza udhaifu uliopatikana. Kumbe inaenda kwa walewale. Mkulima haioni.

Simlaumu sana huyo bosi. Ushirika ndio unamlipa, na akikaza sana mwaka ujao wataleta kampuni nyingine ya bei nafuu. Wanachama ndio wanapaswa kumchagua mkaguzi kwenye mkutano mkuu, lakini wewe ushawahi kuona mkutano mkuu ambapo watu wanajadili ajenda hiyo? Inapita ndani ya sekunde kumi, watu wanangoja soda na gawio.

Lakini kuna kitu kingine ambacho kilinikalia kichwani kuliko maziwa yenyewe. Siku zote nne walizokaa pale, walilishwa na ushirika. Kuku, chapati, mursik. Siku ya mwisho meneja akamwita pembeni: "Mwanangu, najua nyinyi wa atachimenti hamlipwi. Shika hii ya nauli." Elfu moja. Na, kwa sababu ushirika ulikuwa na vitabu safi, akaletewa vocha atie sahihi. Imeandikwa: usafiri wa wakaguzi.

Yaani jina lake liingie kwenye vitabu vilevile anavyovikagua. Na alikuwa na bob mia na kitu kwa M-Pesa.

Kanuni za maadili za taaluma hiyo, ambazo hapa ICPAK ndiyo inazisimamia, zinataka mkaguzi awe huru kutoka kwa anayemkagua, na pia aonekane kuwa huru. Maneno mazuri. Mwandishi wa kanuni alikuwa anafikiria mtu mwenye mshahara. Huyu ni binti wa miaka 21 ambaye kampuni inamchaji mteja kwa saa zake (ndiyo, masaa ya atachimenti yanaingia kwenye bili) halafu inamwacha mteja huyohuyo amtoe njaa. Tukitaka kujua kwa nini vitabu vya KUSCCO vilipita miaka yote hiyo, tusianzie kwa marehemu. Tuanzie hapa, kwa nauli. Kampuni ikilazimishwa kumlipa mwanafunzi nauli na chakula cha mchana tu, hata mia tano kwa siku, meneja anakosa sababu ya kumwita pembeni. Hizo hamsini hamsini za NITA zingeanza na wanafunzi walio kwenye ukaguzi na ningekuwa wa kwanza kupiga makofi.

Alikataa hiyo elfu. Hakukataa kwa ushujaa, aliniambia, alikataa kwa sababu mwandiko wa karani kwenye vocha ulikuwa uleule wa kwenye kijitabu cha kogo wake. Akapanda lori la viazi hadi Molo, dereva ni wa kwao hakumdai kitu.

Barua ya wasimamizi ilitoka na mstari mmoja kuhusu vipimo: ushirika "uzingatie matumizi ya mizani za kidijitali". Uzito wa tangi hakuupata. Orodha ya wanachama aliletewa siku ambayo gari la kurudi Nakuru lilikuwa tayari limewashwa.

Mhadhiri alikuja kumkagua mara moja kwenye hizo wiki kumi na mbili, akakaa kama dakika ishirini. Kwenye logbuku, wiki ya tisa, alikuwa ameandika: nimelinganisha vijitabu 40 na leja, vyote vinaoana, kilo zote zinaishia sifuri au nusu. Mhadhiri akaweka sahihi chini ya mstari huo, akafungua ukurasa wa wiki ya kumi.